Kebo Haina Kosa, Acheni Kuikata

"Nikate mita ngapi?" Swali hili linanifikia kutoka Oicha, Mutwanga, Lubero na mitaa ya Butembo yenyewe, na hadithi yake haibadiliki. Redio ya eneo imenunua amplifaya mpya, kipimo cha SWR, au TOS kwa mafundi waliosoma kwa Kifaransa, kinaonyesha 3, amplifaya inajipunguza nguvu au inazima kabisa, na kuna mtu amewaambia dawa yake ni kupunguza kebo ya antena kidogo kidogo mpaka mshale ushuke. Wenye foni, zile redio za mawasiliano za parokia na vituo vya afya, nao wanauliza, ila wao wameambiwa waongeze.

Msikate. Wala msiongeze.

SWR ya 3 maana yake antena inakataa robo ya nguvu inayopelekewa. Robo hiyo inakataliwa kule juu ya mlingoti, na kebo nzima ya omu 50 haina namna ya kuigeuza kuwa kitu kingine. Ukikata, unachohamisha ni mahali unaposimama kuyatazama mawimbi yanayokwenda na yanayorudi. Kwenye megahezi 98, kebo ya kawaida hurudia hali ile ile kila baada ya mita 1 hivi. Anayetoa sentimita 10 asubuhi na 20 mchana anazunguka mahali pamoja, na jioni anabaki na kebo isiyofika kwenye meza ya mtambo.

Najua jibu mtakalonipa: "Lakini sisi tulikata na mshale ukashuka." Naamini ulishuka. Sababu zipo, na hakuna hata moja inayompa sifa yule aliyekata.

Ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo zaidi: ukikata kebo lazima ufunge plagi upya. Ile ya zamani ilikuwa imeshika kutu, lehemu yake imepasuka, nyuzi mbili za wavu zinagusa pini ya kati. Plagi mpya ikatibu ugonjwa, kisu kikapewa shukrani. Ya pili, kebo iliyofungwa si ya omu 50. Ni ile nyeupe ya dishi la televisheni, ya omu 75, iliyopatikana kirahisi sokoni, na kwa kebo hiyo kipimo cha omu 50 hubadilika kweli kila ukibadilisha urefu, bila antena kupona. Ya tatu, mkondo unarudi kwa nje ya wavu wa kebo, na kebo yote imekuwa sehemu ya antena. Hapo ndipo hata kushika mtambo kwa mkono kunasogeza mshale. Ya nne inahusu amplifaya yenyewe: nguvu inayorudi ni ile ile, ila sasa inaifikia transista katika sura nyingine, na ulinzi wake unaweza kutulia. Leo imetulia. Kesho ukihamia masafa mengine, inaanza upya.

Sasa hawa wanaoongeza kebo. Hawa ndio wanaoniudhi zaidi, maana mbinu yao "inafanya kazi" kila mara. Chukua mita 30 za RG-58, ile nyembamba inayouzwa kwa bei ya huruma. Kwenye masafa ya FM hupoteza karibu desibeli 5 katika urefu huo. Ukitia wati 100 chini, antena inapata 32 hivi. Zilizobaki zimepasha kebo joto. Kinachokataliwa na antena nacho kinapotea tena njiani kinaporudi, kwa hiyo antena mbovu yenye SWR ya 3 inaonekana chini kama 1.4, na mkurugenzi anapiga makofi. Ng'oa antena yote uiache kebo wazi juu: kipimo kitasoma pungufu ya 2. Hamna antena, na kipimo kinasema hali si mbaya sana!

Ndipo wanaenda kununua amplifaya kubwa ili wasikike mbali, hadi Beni. Butembo iko kwenye vilima, mita 1,700 na zaidi, Beni iko chini yake sana, na kati yao kuna kilomita 54 hivi za barabara inayopanda na kushuka. Kutoka wati 100 hadi 200 ni desibeli 3, na mawimbi ya FM hayatapinda nyuma ya kilima kwa sababu umeongeza wati. Kebo nene ya nusu inchi katika mita zile zile 30 ingepeleka juu wati 85 hivi kati ya 100. Ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mlichokuwa nacho, bila kuongeza mzigo kwenye jenereta wala betri za sola.

Ziko kebo ambazo urefu wake una maana: zile fupi zinazogawa nguvu kati ya dipoli mbili au nne za antena ya FM. Hizo zilipimwa na mtengenezaji. Na hizo ndizo ninazozikuta zimekatwa.

Kisanduku cha tyuna kwenye foni nacho hakitibu antena. Kikiwa mezani, kinaifanya redio iridhike. Kebo inabaki na SWR yake na hasara yake. Kwenye megahezi 7 hasara ni ndogo, hivyo kitumieni, mradi dipoli iwe imepimwa kwanza: mita 10 hivi kila upande kwa megahezi 7.1. Na kama tyuna inakubali masafa yoyote utakayoipa kwa urahisi, shuku kebo.

Basi fanyeni hivi. Zimeni amplifaya, tumieni mtambo mdogo peke yake, wati 5 zinatosha. Mtambo ukiwa umezimwa na anga halina radi, mtu apande, afungue antena, afunge mzigo bandia wa omu 50 juu kabisa, ndipo muuwashe: kipimo kisome karibu na 1, la sivyo kosa ni kebo au plagi. Kisha aache wazi kwa sekunde chache: mshale uruke juu sana, ukibaki chini, kebo inakula nguvu, ibadilisheni. Kebo ikifaulu, kosa liko kwenye antena: skrubu, urefu wa mikono, bati la paa lililo karibu mno, masafa yasiyo yake. Mizunguko kadhaa ya kebo chini ya antena itapunguza mkondo wa nje. Pimeni volti za umeme unaoingia kwenye amplifaya wakati inarusha, si wakati imepumzika. Plagi za nje zifungwe utepe wa mpira unaojishika, na kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke. Andikeni nguvu inayokwenda na inayorudi kwenye karatasi, ibandikeni kwenye mtambo. Huku kwetu mvua haina likizo. SWR ikishuka yenyewe bila mtu kupanda mlingoti, msishangilie, fungueni plagi ya juu mtafute maji.