Umewekewa stenti? Usiache kidonge cha pili kabla ya tarehe yake

Tuseme baba alibanwa na kifua usiku. Mkapiga 999, gari la wagonjwa likaja, na siku chache baadaye karudi nyumbani anatembea na anacheka. Ana mfuko wa dawa na barua ndefu ya Kiingereza. Miezi miwili ikipita anaanza kuuliza: mbona nameza vidonge vyote hivi na mimi siumwi? Hapo ndipo penye hatari.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye mshipa unaolisha moyo, hupapanua palipoziba, na wavu hubaki pale maisha yote. Kazi hii hufanywa hata kwetu, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Watu wa kwanza waliwekewa stenti mwaka 1986, Ufaransa na Uswisi. Mmoja wa madaktari hao, Ulrich Sigwart, baadaye alifanya kazi hapa London, katika hospitali ya Royal Brompton.

Stenti za mwanzo zilikuwa chuma kitupu. Mwili ulizifunika kwa utando wa ndani ya mshipa katika wiki chache, lakini kwa wagonjwa wengi utando uliota kupita kiasi na mshipa ukaanza kuziba tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja stenti zilizopakwa dawa inayotoka polepole na kuzuia uotaji huo. Ndizo zinazotumika zaidi Uingereza leo. Ila dawa hiyo hiyo huchelewesha chuma kufunikwa, na chuma kilicho wazi damu hukichukulia kama kidonda: hukimbilia pale na kuganda. Donge likiziba stenti, ni shambulio la moyo, na wengi hawaponi.

Ndiyo maana hutolewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Ya kwanza ni aspirini ya dozi ndogo, ambayo wengi huendelea nayo maisha. Ya pili ni klopidogreli, prasugreli au tikagrelori, na hii ina muda wake. Aliyepata shambulio la moyo kwa kawaida huitumia miezi 12. Aliyewekewa stenti kwa miadi, kwa sababu ya maumivu ya kifua anapotembea, mara nyingi miezi 6. Mtu anayetokwa damu kwa urahisi anaweza kupunguziwa hadi mwezi 1 au 3, na wapo wanaoongezewa. Kwa hiyo usijipime kwa jirani. Muulize daktari: kidonge cha pili kinaisha tarehe gani? Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Mambo haya si ya kumtwika mtoto kutafsiri.

Wengi hawaachi dawa kwa ukaidi. Zinawaishia. Familia inahamishiwa mtaa mwingine wa London, daktari wa zamani yuko mbali, mpya hawajajiandikisha. Jiandikisheni mapema, na dawa zikikaribia kwisha piga 111 au nenda duka la dawa ueleze una stenti. Kuhusu malipo: mwenye miaka 60 au zaidi halipi, mwenye cheti cha HC2 halipi, na wengine wanaweza kununua kadi ya mwaka mzima.

Mwezi wa Ramadhani, tikagrelori ya mara mbili kwa siku huweza kupangwa wakati wa futari na daku, lakini zungumza na daktari kabla ya kuanza kufunga. Daktari wa meno mwambie una stenti. Asikuachishe dawa kabla hajawasiliana na wa moyo. Usinunue ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo bila kuuliza. Michubuko midogo na fizi kutoa damu kidogo ni kawaida. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au damu isiyokatika, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Na kifua kikibana tena, usisubiri kupambazuke: 999.