Kabari ya Oili: Kinachobeba Kranki ya Land Rover

Tangu wamiliki wa Land Rover walipofurika Arusha kwa tamasha la Oktoba 2024, maswali kuhusu kufufua magari ya zamani hayajakauka. Lililonivutia kuliko yote limetoka Mpanda. Msomaji amerithi pikapu ya Land Rover 109 iliyokuwa ikibeba tumbaku na magunia ya mpunga. Ameshusha injini nyumbani, chini ya mwembe, akaifungua yote, na sasa imerudi mahali pake. Lakini fundi anamkataza kuiwasha. Anataka plagi zote nne zitolewe, injini izungushwe bila moto mpaka taa ya oili izimike, ndipo plagi zirudishwe. Msomaji anauliza: oili si imeshamiminwa? Kinachosubiriwa ni nini?

Fundi yuko sahihi. Sababu yake ni jambo zuri kupita yote yanayotendeka ndani ya bloku ile, na wengi huendesha magari maisha yao yote bila kulisikia.

Pistoni inavyopanda na kushuka sitaeleza, wala valvu zinavyofunguka. Hayo yamo katika kila kitabu cha udereva. Twende moja kwa moja chini kwenye kranki. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover zile ina silinda zenye kipenyo cha milimita 90.47. Petroli ikiwaka, shinikizo juu ya pistoni laweza kufika bar 40. Zidisha kwa eneo la pistoni, upate nguvu ya tani mbili na nusu ikishuka kupitia konrodi hadi kwenye kranki. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila silinda inapiga pigo hilo mara 20 hivi kwa sekunde.

Mapigo hayo yanapokewa na nini? Fundi atakuonyesha metali: vipande viwili vyembamba vya nusu duara vinavyoikumbatia shingo ya kranki. Mgongo wake ni wa chuma, lakini uso wake ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuutia alama. Kati ya uso huo na shingo ya kranki kuna mwanya wa kama sehemu ya ishirini ya milimita. Chuma kingekuwa kinaugusa uso huo kwa tani mbili na nusu, mara 20 kwa sekunde, metali isingemaliza safari ya kutoka Mpanda hadi Karema. Hata hivyo metali zilizofungwa vizuri hudumu miaka. Zinadumu kwa sababu injini ikishazunguka, kranki haizigusi. Inaelea.

Jibu la haraka ni kwamba pampu ya oili ndiyo inayoielesha. Hesabu inakataa. Pampu ya injini hiyo inasukuma kwa bar 3 au 4 tu, na mzigo ukiugawanya kwa eneo la metali unazidi bar 100. Pampu haina ubavu huo. Kazi yake ni kufikisha oili mlangoni. Kinachoibeba kranki ni kranki yenyewe, kwa kuzunguka kwake.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Uingereza kilimpa Beauchamp Tower kazi ya kupima msuguano kwenye beringi za namna ya ekseli za treni. Katika majaribio aliyoyatolea ripoti mwaka 1883, alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili hapo. Alipowasha mtambo, oili ikapanda tunduni na kumwagika nje. Akaziba kwa kizibo laini, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti. Nacho kikatoka polepole. Ndipo akafunga geji, na mshale wake ukapita alama ya mwisho ya pauni 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wenyewe, ukigawanywa kwenye beringi nzima, ulikuwa pauni 100 tu. Hakuna pampu iliyokuwapo. Ekseli ilikuwa ikijitengenezea shinikizo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, akaandika mlinganyo unaoeleza yote hayo, na metali za injini hadi leo husanifiwa kwa kuuanzia huo.

Twende Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, tuitazame boti ya injini. Ikisimama, imezama hadi pale uzito wake unapotaka. Nahodha akifungua mafuta, pua inanyanyuka. Akizidisha, boti nzima inapanda na kuteleza juu ya maji ikiwa na abiria walewale na mizigo ileile. Inapanda kwa sababu tumbo lake limekaa mshazari: maji yanaingia kwa mbele palipo na nafasi kubwa, yanabanwa kuelekea nyuma palipo na nafasi ndogo, na yakikosa pa kukimbilia yanasukuma juu. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo yanavyosukuma zaidi. Nahodha akipunguza, boti inakaa chini tena, na kama pale pana mwamba, ubao unakwaruzwa. Sasa kunja maji hayo yawe duara. Kranki haikai katikati kabisa ya metali. Mzigo huisogeza upande, hivyo mwanya ni mpana huku na mwembamba kule. Kranki inapozunguka huibeba oili iliyonata usoni mwake na kuiburuta kutoka penye upana kwenda penye wembamba, na oili inayobanwa humo huinyanyua kranki. Penye wembamba kabisa inabaki mikroni chache tu za oili, na hizo chache zinatosha. (Boti hunyanyuliwa hasa na msukumo wa maji, na oili hubeba kwa mnato wake, pia mzigo wa injini hubadilika kila mzunguko. Tusikwame hapo.)

Vitabu vingi huita kitu hiki utando wa mafuta. Utando kwangu ni kitu kilichotandazwa kikatulia, na hiki hakitulii hata nukta moja. Nakiita kabari ya oili, kwa maana ndivyo kilivyo: kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, na kinapenyezwa kwa nguvu ili kinyanyue.

Kabari inahitaji vitu vitatu: oili yenye mnato, mwendo, na mwanya wa kiasi. Injini iliyotoka kufungwa ina mwanya mpya, lakini njia zake za oili zimejaa hewa na filta ni tupu. Oili iliyomiminwa iko kwenye sampu, chini kabisa. Ukiwasha papo hapo, mapigo ya tani mbili na nusu yataanza kabla oili haijafika, na kranki itasugua metali kavu katika zile sekunde za kwanza. Plagi zikitolewa hakuna mbano wala moto. Mzigo unabaki mdogo sana, na selfu inazungusha pampu mpaka njia zijae na taa izimike. Ndiyo maana pia fundi mzuri hupaka metali oili kwa kidole kabla ya kukaza kofia za konrodi. Magari haya yana hendeli ya mbele, kwa hiyo betri ikichoka kazi bado inawezekana kwa mkono.

Mwanya nao ndio unaofanya kranki ipelekwe kwa fundi wa kerezo badala ya kusuguliwa kwa msasa uani. Shingo iliyolika huwa yai, si duara, na kabari haijengeki sawasawa juu ya yai. Inapimwa kwa maikromita pande kadhaa, inakerezwa, kisha zinanunuliwa metali nene zaidi: namba 10, 20, 30, ambazo ni elfu za inchi zilizopunguzwa kwenye shingo. Mwanya ukizidi, oili inatorokea pembeni na kabari inakufa. Ukipungua, oili haipiti vya kutosha kuondoa joto. Njia rahisi ya kuhakikisha nyumbani ni uzi laini wa plastiki unaouzwa kwa kazi hiyo: unalazwa juu ya shingo, kofia inakazwa kwa spana ya toki kisha inafunguliwa, na upana wa uzi uliopondeka unasomwa kwenye kipimo chake.

Ulaini wa metali una sababu pia. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na risasi, pamoja na bati na shaba, imetumika kwa miongo mingi kutengeneza nyuso za metali za injini. Chembe ya mchanga ikipenya humezwa na uso laini badala ya kuikwaruza kranki. Lakini metali haimezi vumbi lote la kiangazi cha Katavi, ambalo chembe zake za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chini ya mwembe, mwagia ardhi maji, tandika turubai safi, funika bloku kila unapoenda kula.

Baada ya kilomita mia chache za mwanzo, zisizo na mzigo mzito, oili ya kwanza imwagwe na filta ipasuliwe. Tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Vumbi jeusi linalonata kwenye sumaku ni chuma cha ringi na silinda vinavyozoeana, na kidogo chake ni kawaida. Vimetameta vya kijivu ambavyo sumaku haivishiki huenda vimetoka kwenye metali. Vikionekana vingi, usiendelee kuendesha. Shusha sampu, fungua kofia za konrodi moja moja, uangalie ni shingo ipi iliyokosa oili.