Alama Inayohama Katika Ncha ya Kusini

Kila askari aliyefundishwa kusoma ramani anafahamu kwamba dira ni rafiki wa safari. Lakini katika Ncha ya Kusini ya dunia rafiki huyo hafai sana, maana sindano yake hufuata ncha ya sumaku iliyo mbali na hapo. Na mtu asimamaye nchani, kila upande aelekeao ni kaskazini.

Roald Amundsen wa Norway alifika huko tarehe 14 Desemba 1911 kwa kupima pembe ya jua. Akijua kwamba vipimo vyake vyaweza kukosea kwa kilometa kadhaa, aliwatuma watu wake pande tatu ili wapazingire mahali penyewe. Hata akiba zake za chakula alikuwa ameziwekea safu ya bendera iliyokatiza njia, ili aliyepotoka kidogo asizipite. Robert Scott wa Uingereza aliwasili tarehe 17 Januari 1912. Katika kurudi, yeye na wenzake wawili walizuiliwa na tufani ya theluji, wakafia hemani kiasi cha kilometa 20 kutoka akiba yao kubwa, ambayo mwaka 1911 ilikuwa imewekwa kabla ya kufikia latitudo ya 80 iliyokusudiwa. Huko umbali ulikuwa ndio uhai.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na setilaiti zizungukazo kilometa 20,200 juu ya ardhi, zikitangaza saa kwa mawimbi ya redio. Chombo cha mpimaji huhitaji setilaiti nne walau. Mawimbi hayo hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde; basi kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la meta 300. Tena, setilaiti za Marekani hazipiti kamwe juu ya utosi wa mtu aliye nchani. Hupanda kama nusu ya anga, zikashuka. Kwa hiyo kimo hupatikana kwa shida kuliko mahali, na misukosuko ya umeme wa anga za juu huongeza taabu. Dawa yake ni subira: chombo huachwa kikipokea kwa saa nyingi, kisha hesabu husahihishwa hadi kosa libaki sentimeta chache.

Vipimo hivyo, ambavyo msingi wake ni kitovu cha dunia wala si barafu, vinaonyesha kwamba barafu ya pale, yenye unene wa meta 2,700 hivi, hutiririka karibu meta 10 kila mwaka. Kituo cha Amundsen-Scott kilichojengwa juu yake huhama nacho. Kwa sababu hiyo, kila tarehe 1 Januari alama mpya ya ncha husimikwa, na ile ya zamani huachwa nyuma.

Nasi twaona hapa fundisho kwa kila mlinzi wa mpaka na kila askari wa doria: alama iliyopimwa sawasawa mwaka jana yapasa kupimwa tena, hasa pale ambapo ardhi inaonekana imetulia.