Kukereza kwa Mwanga wa Taa

Wengi wenu mliofika nyumbani kwetu mmeziona bakuli zangu za mti, zile ambazo ukiziweka dirishani jua hupenya ndani yake kama kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Swali ninaloulizwa ni moja daima: nimejuaje kusita kabla sijatoboa? Nimeombwa nilijibu katika kitabu chetu cha mwaka huu, nami naitika.

Kwa desturi mkereza hupima unene kwa vidole. Husimamisha kerezo, akaubana ukuta wa bakuli baina ya dole gumba na cha shahada, akasikia palipo panene na palipo pembamba. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka maradhi ya sukari yalipozitia ganzi ncha za vidole vyangu. Daktari alinambia wazi kuwa nisitazamie hisia hiyo kurudi. Nilikwisha kuanza kutafuta wa kumuuzia kerezo langu. Kilichoniokoa ni taa.

Nachukua gogo bichi la mti mweupe. Hapa Uingereza mzuri ni sikamo, na holi pia. Nasema bichi kwa sababu maji yaliyomo katika nyuzi zake huusaidia mwanga kupita, ambapo mti mkavu umejaa hewa inayoutawanya. Kwanza naumaliza upande wa nje, pamoja na msasa wake. Kisha naiweka taa nje, karibu na ukuta wa bakuli, nazima taa nyingine za chumbani na kuchimba ndani kwa bobari. Mwanzo huoni kitu. Ukuta ukipungua huja wekundu kama wa kaa la moto, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano. Kwa sikamo mbichi manjano mimi huyapata kwenye milimita 2 hivi. Mti huimeza rangi ya buluu mapema, na nyekundu ndiyo ipitayo mbali zaidi.

Lakini usitazame rangi tu, tazama usawa wake. Pete nyeusi ni unene uliobaki. Palipong'aa kuliko jirani yake, toa chuma upesi. Ukuta humalizwa kidogo kidogo kuanzia mdomoni, upana wa vidole viwili kila mara, wakati chini bado upo mti mzima wa kuushikilia. Kuurudia mdomo baadaye hakuna, kwani mti mbichi ukiwa mwembamba hujipinda huku unautazama. Kwa hiyo naunyunyizia maji kila baada ya dakika chache, na taa yangu ni ya LED, ya volti 12. Maji na umeme wa ukutani si wa kukaa pamoja, na zile globu za zamani zilikuwa zikilikausha bakuli kwa joto lake.

Mjukuu wangu wa miaka 9 husimama kando, miwani ya kukinga macho usoni. "Babu, hapo chini pana pete nyeusi," huniambia, na mara nyingi huwa ameiona kabla yangu. Bobari bado sijampa.

Taa nayo ina mipaka. Kitako haikifikii, hivyo hapo natumia kijiti cha kupimia kina. Kiini cha mti huwa cheusi kuliko ganda lake, kikakudanganya kuwa ni kinene. Tena kila mti una rangi zake, basi pima kwanza kwa bikari ya unene, uikariri rangi, ndipo uiamini. Marehemu Ron Kent wa Hawaii alikereza mti wenye asili ya kisiwa cha Norfolk, akaulowesha mafuta mara kwa mara hata bakuli zake zikapitisha mwanga zikiwa kavu. Mimi sijafika huko.

Ninacho pia kipande cha mpingo nilicholetewa kutoka Mtwara miaka mingi nyuma. Weusi ule hauachi hata uzi wa mwanga upite. Mti huo hutaka bikari na vidole, na vidole ndivyo nisivyokuwa navyo. Kipo rafuni, kimefungwa kitambaa, kinamngoja yule kijana.