Nilijua Karatasi, Sikujua Wimbo

"Twendeni G maina," mwimbaji akasema, maikrofoni mkononi. "Ile E iko chini sana kwangu leo."

Nikaganda. Wageni wa hoteli wako mezani, drama ishaanza, na mimi na gitaa langu tunatazamana kama watu wasiojuana. Wimbo wenyewe ni "Autumn Leaves", uliotungwa Ufaransa na Joseph Kosma mwaka 1945. Miezi mitatu nilikuwa nimeukariri chumbani Likoni, nota kwa nota, katika E maina. Mpangilio wangu ulitegemea nyuzi zilizo wazi, sasa ukiuhamisha tu, unavunjika. Usiku ule nilipiga gitaa kimyakimya, volyumu sifuri. Wiki iliyofuata sikuitwa.

Niseme ukweli, iliniuma kuliko kuacha chuo. Chuo nilikiacha kwa sababu ya karo. Hapa sikuwa na wa kumlaumu.

Jina jazz si geni kwetu. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, alivuma na Morogoro Jazz. Lakini bendi zile zilipiga dansi. Hii ya kina Kosma ilibidi nitafute mtu, nikampata mzee mmoja Changamwe aliyepiga hotelini miaka mingi.

Nikampigia mpangilio wangu wote. Akasikiliza, akanywa chai, kisha akaifunika karatasi kwa sahani. "Haya mwanangu, nipigie sasa."

Sikuweza.

"Karatasi si mbaya," akaniambia. "Lakini wewe unaisoma kama barua ya mtu mwingine."

Akanipa zoezi. Usipige kodi nzima, piga sauti mbili tu: ya tatu na ya saba. Kwenye A maina saba ni C na G. Ukienda D saba, C inabaki pale pale, G inashuka freti moja kuwa F shapu. Ukifika G meja saba, sasa F shapu ndiyo inabaki, C inashuka kuwa B. Moja inakaa, nyingine inashuka. Wimbo una vipimo 32, na sehemu kubwa inatembea hivyo hivyo. Ukishaisikia hiyo hatua, ki yoyote ni nyumba ile ile, mtaa tofauti tu.

Wiki ya kwanza nilipiga sauti hizo mbili peke yake, metronomu ya simu ikiwa 60. Jirani akauliza kama gitaa limeharibika. Ya pili nikaongeza melodi. Ya tatu nikarudi kwenye mazoezi yaliyoandikwa, yale ya solo, lakini sikukariri ukurasa. Nilichukua vipimo viwili vinavyonipendeza, nikavipiga katika ki tano. Kwenye feri nilikuwa nahesabu kodi kwa vidole pajani, watu wakidhani nasoma dua.

Karatasi bado ninayo, na mpangilio ule bado naupenda. Siku hizi naupiga kwanza kama ulivyoandikwa, halafu naufunika.

Mwezi uliopita nikaitwa tena, hoteli nyingine, mwimbaji mwingine. Akageuka: "Tufanye F maina, sawa?"

Kodi ya kwanza nikachelewa. Ya pili nikachelewa. Ya tatu nikaidaka, na tukaenda nayo mpaka mwisho.