Utangulizi: Fedha za Umma na Kazi ya Chuo

Ukitoka Bondeni kwenda Tudor huvuki feri wala daraja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani humu humu, na kwa anayeanza kusoma habari za ufadhili wa vyuo sioni mlango wa karibu zaidi. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Kila mfadhili alikuwa na lake alilotaka kuliona. Hapo ndipo somo letu linapoanzia: anayelipa apime nini kabla hajalipa tena?

Wengine walijibu mapema. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza mwaka 1979 kutenga sehemu ya ruzuku kwa vyuo vilivyoonyesha matokeo. Uingereza ikaanza kuupima utafiti mwaka 1986 na kuugawia fedha kwa kipimo hicho.

Kenya ilishika njia mbili ambazo hadi leo hazijakutana. Mwaka 2004 ilileta mikataba ya utendaji kazi katika mashirika ya umma, na vyuo vikuu navyo vikaja kutia saini. Fedha, hata hivyo, zilikwenda kwingine. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Mfuko wa Vyuo Vikuu, na mgao ukaja kuhesabiwa kwa gharama ya kila kozi na idadi ya wanafunzi wake. Serikali ilikusudia kulipia asilimia 80 ya gharama hiyo. Haikufika, na madeni yakajaa. Mfumo wa 2023 ukahamishia hesabu kwenye uwezo wa familia: mwanafunzi hupewa ufadhili na mkopo kulingana na hali ya nyumbani kwao. Ni swali la haki, tena zito. Lakini hesabu hiyo haiulizi kama chuo kilifundisha vyema au kilizembea.

Je, tuvilipe vyuo kwa idadi ya wahitimu? Mimi nasita. Mhadhiri akijua mshahara wake unategemea waliofaulu, mtihani utalegea wenyewe. Tupime ajira, basi? Mtazame kijana wa Mombasa aliyesomea uhandisi wa meli. Hawezi kupata cheti cha afisa wa meli bila kutimiza muda wa mazoezi baharini, na nafasi hizo wanazo wenye meli. Akingoja miaka miwili, tumkate nani fedha, chuo au wenye meli?

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana, kwa hiyo usiogope kuingia. Nadharia zingoje kwanza. Tafuta ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilizo wazi kwa umma, uanze na ile ya chuo cha Tudor: tazama kilichoahidiwa, kilichopokelewa na kinachodaiwa.