Kelele za AC/DC sebuleni: bendi iliyotokana na kambi ya wahamiaji jirani na Guildford

Ukiishi Guildford, magharibi mwa Sydney, huna haja ya kwenda mbali kutafuta chimbuko la AC/DC, bendi ya Australia inayojulikana dunia nzima kwa magitaa yake ya kishindo. Villawood ni jirani yetu, mwendo wa dakika chache kwa gari. Huko ndiko ilikokuwa kambi ya wahamiaji iliyoipokea familia ya akina Young kutoka Glasgow, Uskoti, mwaka 1963. Miaka 10 baadaye, wadogo wawili wa familia hiyo, Malcolm na Angus, walianzisha bendi.

Makala hii ni kwa mzazi ambaye kijana wake ameleta nyumbani DVD ya tamasha la AC/DC, naye mzazi hajui akubali, akatae, au atoke tu sebuleni aende jikoni. Ni kwa mwanafunzi pia, anayependa muziki huu na hajui aanzie wapi kumweleza baba. Wenyewe AC/DC husema wanapiga rock 'n' roll tu, lakini wengi huwaweka kwenye kabati moja na bendi za hevi metali. Kwa mzazi aliyezoea rumba, taarabu au kwaya, tofauti hiyo haipunguzi kelele hata kidogo.

Kambi ya Villawood

Familia ya Young ilikuwa na watoto wanane: wavulana saba na msichana mmoja. Serikali ya Australia ilikuwa inatafuta watu, na Mwingereza au Mskoti mtu mzima alilipa pauni 10 tu kwa safari nzima. Malcolm alikuwa na miaka 10, Angus minane. Walifikia kambini Villawood, pamoja na familia nyingine kutoka Uingereza, Uholanzi na kwingineko Ulaya.

Kaka yao George, aliyekuwa na miaka 16, alikutana hapo na kijana wa Kiholanzi, Harry Vanda. Mwaka 1964 walianzisha The Easybeats, bendi ambayo watu wake wote watano walikuwa wahamiaji, wawili Waholanzi na watatu kutoka Uingereza na Uskoti. Mwaka 1966 wimbo wao "Friday on My Mind" ulivuma hadi Ulaya na Marekani. Wadogo zake waliona kwa macho yao kwamba mtoto wa kambini anaweza kufika huko. Baadaye George na Vanda ndio waliosimamia kurekodi albamu za kwanza za AC/DC.

Tuseme ukweli wote. Tiketi ile ya pauni 10 haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1963 sera ya kuipendelea ngozi nyeupe bado ilikuwa inatawala uhamiaji wa Australia, na familia kutoka Kigoma, Mombasa au Bukavu isingefunguliwa mlango ule. Sera ilianza kulegezwa mwaka 1966 na ikafutwa rasmi mwaka 1973, mwaka uleule AC/DC ilipozaliwa. Sehemu ya kambi ya Villawood, tangu mwaka 1976, imekuwa kituo cha kuwazuilia wahamiaji, na wapo wasomaji wetu ambao jina hilo kwao si hadithi ya muziki. Kwa hiyo hatusemi kwamba akina Young ni sawa na sisi. Tunasema tu kwamba mtoto aliyefika nchi ngeni, akachekwa kwa lafudhi yake, akajifungia chumbani na gitaa, si mgeni kwetu.

Jina lenyewe lilitoka kwenye cherehani

Wazazi wengi hutishwa kwanza na jina. Kwa miaka mingi umevumishwa uvumi kwamba herufi zile nne ni kifupi cha maneno ya kumpinga Kristo. Chanzo chake ni cha nyumbani kabisa. Dada yao, Margaret, aliona herufi AC/DC kwenye kifaa cha umeme cha cherehani. Ni aina mbili za mkondo wa umeme, na fundi yeyote wa redio wa Kariakoo au River Road angekueleza. Wadogo zake walipenda maana ya nguvu iliyomo, wakalichukua.

Margaret huyohuyo ndiye aliyetoa wazo la sare ya shule. Angus alikuwa akitoka shuleni anarukia gitaa kabla hajabadili nguo, basi dada akasema apande nayo jukwaani. Ndiyo maana hadi leo, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, Angus hutoka na kaptula, tai, koti na kofia ya mwanafunzi.

Hii haimaanishi kwamba kila kitu ni salama kwa watoto. Bendi imecheza na mzaha wa jehanamu katika majina ya nyimbo, na maneno mengi yana utani wa kitandani. Mzazi mwenye msimamo wa dini ana haki ya kuuliza. Lakini aulize kuhusu kilichomo kweli, asishindane na uvumi, kwa sababu kijana akigundua kwamba shtaka la kwanza halikuwa la kweli, hatasikiliza la pili.

Tamasha la kutazama

Ukitaka video moja, chukua "Live at River Plate". Ilipigwa picha Buenos Aires, Argentina, Desemba 2009, chini ya mwongozaji David Mallet, ikatolewa mwaka 2011. Bendi ilipiga usiku tatu katika uwanja wa klabu ya River Plate, mbele ya watu karibu 200,000 kwa jumla. Watazamaji hao ni nusu ya utamu. Ardhi yote ya uwanja inaruka kwa pamoja, na wanaimba hata vipande vya gitaa visivyo na maneno, kama mashabiki wa Simba na Yanga siku ya watani wa jadi.

Kuna garimoshi kubwa jukwaani, kengele inayoshuka kutoka juu, na mizinga inayolipuka mwishoni. Angus anapiga solo ndefu hadi anagaagaa chini. Mzazi ajue mapema: kuna sehemu Angus anavua sare yake hatua kwa hatua kwa mzaha, na kuna mwanasesere mkubwa wa puto mwenye umbo la mwanamke. Kama una watoto wadogo, shika rimoti.

Sasa mwangalie mtu mwingine. Nyuma, karibu na spika, amesimama bwana mfupi mwenye gitaa. Anasogea mbele kwenye kipaza sauti kuitikia kiitikio, kisha anarudi palepale. Huyo ni Malcolm. Anayejua dansi letu atamwelewa haraka, kwa maana huyo ndiye mpiga ridhimu. Katika bendi ya Kikongo, mpiga solo ndiye anayeshangiliwa wakati wa sebene, lakini ridhimu ikiyumba hata sekunde moja, wachezaji wote wanapotea. AC/DC imejengwa hivyohivyo. Mwambie mtoto wako afumbe macho kwa dakika moja amsikilize Malcolm peke yake. Na wewe mweleze sebene ni nini. Hapo kila mmoja atakuwa amemfundisha mwenzake kitu.

Kuna uchungu katika kumtazama. Angus alieleza baadaye kwamba katika ziara ile kumbukumbu ya kaka yake ilikuwa imeanza kupotea, na ilibidi ajifunze upya nyimbo alizozitunga mwenyewe. Mwaka 2014 familia ilitangaza kwamba Malcolm ana ugonjwa wa kusahau, na kiti chake kikachukuliwa na Stevie, mtoto wa kaka yao mkubwa. George alifariki Oktoba 2017, na Malcolm akamfuata Novemba, hata mwezi mmoja haukuisha. Sisi ambao wazazi wetu wanazeeka mbali, na tunapiga simu nyumbani tukihofia kusikia swali lilelile mara ya tatu, tunaijua hofu hiyo.

Vijana wetu nao wamo

Kijana wako akiambiwa kwamba muziki huu si wa Waafrika, ana majibu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na video ya Queen uwanjani Wembley, Julai 1986, bado inatazamwa majumbani duniani kote. Nairobi nako kuna vijana wa metali. Kundi la Duma, la watu wawili, lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na muziki wake ni mkali kiasi kwamba AC/DC wataonekana kama watu wa kwaya.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Majirani: Kwa sheria za New South Wales, muziki wako usisikike ndani ya vyumba vya jirani kuanzia saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi. Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu ya umma, mwisho ni saa 6 usiku. Anza baada ya chakula cha mchana, uwe na amani.

Masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Hatari kubwa si spika za sebuleni, ni visikizi anavyovaa kijana kwenye treni.

Alama kwenye kasha: PG ni kwa uangalizi wa mzazi. M ni ushauri kwamba inafaa kuanzia miaka 15. MA15+ ni amri ya kisheria: aliye chini ya miaka 15 hauziwi bila mtu mzima.

Kutuma nyumbani: DVD za Australia ni za eneo la 4, na Afrika Mashariki na Kongo ni eneo la 5. Diski iliyofungwa kwa eneo moja inaweza kukataa kucheza kwenye deki ya kule, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa 0 au yenye maeneo yote mawili. Kwa Blu-ray hakuna shida hiyo, Australia na Afrika zote ni B.

Bei: Usinunue kabla ya kuuliza maktaba. Guildford tunayo, chini ya baraza la Cumberland, na kadi ni bure.

Mwisho, fanyeni zamu. Jumamosi hii kijana achague tamasha lake na mzazi akae hadi mwisho, simu ikiwa mfukoni. Jumamosi ijayo mzazi achague lake, liwe la Franco na TPOK Jazz au la taarabu, na kijana naye akae. Kisha muulizane swali moja tu: katika bendi ile, wewe ungependa kuwa nani, na kwa nini?